Maji ya Kanisa na Majoho Meupe

Mumbua alinipigia simu Jumanne moja asubuhi, nikiwa nimesimama getini kwangu Syokimau nikimngoja mtu wa lori la maji. Mtaa wetu una kuta ndefu na maua, hata stesheni ya treni iko karibu, lakini mifereji yake hukohoa hewa siku nne kwa wiki, kwa hiyo tunanunua maji kwa lori. "Mwalimu," akasema, "mama alilala jana." Nikampa pole, nikampa pole tena. Kisha akaongeza: "Aliacha maneno. Ile historia ya kusoma kwa mazishi aliisema mwenyewe, mimi nikiandika. Na akasema msomaji ni wewe. Si mchungaji, si mjomba. Ni wewe." Lori lilipofika, dereva aliniuliza tundu la tanki liko wapi, nami nikamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la hesabu. Alilitafuta mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye ngazi ya jikoni, mama mzima wa karibu miaka sitini, nikilia kwa huzuni iliyochanganyika na woga, na woga ndio uliokuwa mwingi.

Niseme jambo moja mapema, kabla mtu mwingine hajalisema: mimi ni mwenyekiti wa kamati ya uwakili katika usharika wetu wa Kilutheri hapa mjini. Kwa miaka kumi na mitatu nimesimama mbele ya watu nikifundisha kwamba hakuna kilicho chetu. Muda, nguvu, mali, hata pumzi, vyote tumewekewa mikononi tuvitunze, na mwenyewe atakuja kuuliza. Nafundisha vizuri, sijifichi. Watu hunishika mkono baada ya ibada na kuniambia wamebarikiwa. Lakini kila nikifika pale pa kueleza wakili ni mtu wa namna gani, ninayemwona si mtu wa Biblia. Namwona mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha kijani kichwani, ufunguo ukining'inia shingoni kwa uzi wa katani, nami huharakisha nipite hapo haraka.

Mwaka wenyewe ulikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kivaa, karani wa usharika, na mwalimu wa kwaya. Vyeo vitatu, na kila kimoja kilinipanda kichwani. Nilikaa chumba cha nyuma katika boma la Mama Mumbua, mjane aliyekataa katakata kunitoza kodi kwa sababu, alisema, mwalimu wa kwaya ni mgeni wa kanisa. Chumba kilipakana na jiko lake, na ukuta wa matofali uliotutenga haukufika kwenye bati, kwa hiyo moshi, harufu na mazungumzo vyote vilipita juu na kuniangukia kitandani. Nilijua mboga ya leo kabla haijaiva. Nilijua kwamba binti yake Mumbua amechumbiwa na fundi wa mbao, kwamba arusi itakuwa baada ya Pasaka, na kwamba mama mtu alikuwa ameanza kufanya mazoezi ya kutembea polepole, maana katika kanisa letu mama ndiye anayemshika bintiye mkono na kumpeleka mpaka madhabahuni kama baba hayupo. Jioni tulikula muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na mbaazi, sote watatu kwenye stuli ndogo, na kila mara Mama Mumbua aliniongezea upawa wa pili bila kuuliza.

Mvua za Novemba zilitukataa mwaka huo, na za Machi zikaja kuchungulia tu na kuondoka. Bwawa lilikuwa mbali, mwendo wa saa mbili kwenda na tatu kurudi ukiwa umebeba, na maji yake yalikuwa ya tope, rangi ya chai ya maziwa. Maji safi yalikuwa mahali pamoja tu: tanki la kanisa. Washarika walilijenga wenyewe, kila nyumba ikileta mawe na mchanga, na mabati ya kanisa yalilijaza kila mvua iliponyesha. Mwaka wa ukame baraza la wazee liliamua lifunguliwe Jumamosi peke yake, mtungi mmoja kwa kila nyumba, miwili penye mgonjwa au mtoto mchanga, awe Mlutheri, Mkatoliki au mtu asiye na kanisa. Walimchagua Mama Mumbua kuwa wakili wa maji na wakamvika ufunguo mbele ya usharika, kama wanavyomvika mtu msalaba. Alikuwa pia mtunza vitambaa vya madhabahu. Alivifua kwa beseni moja, nusu ya beseni hasa, kisha yale maji akadekia sakafu ya sakristia, na yaliyobaki akayabeba kwa kikombe kuupa mche wa mpapai. Niliwahi kumcheka. "Mwaitu," nikamwambia, yaani mama kwa Kikamba, "hayo maji yamechoka, yaache yapumzike." Akanijibu bila kuinua kichwa: "Maji haichokangi, Mwalimu. Ni watu wanachokanga kuitunza."

Sasa ngoja niyataje majoho. Kwaya yangu ilikuwa na watu ishirini na wawili na majoho meupe yenye kola ya kijani, na mwaka ule weupe ulikuwa umeisha. Vumbi jekundu la njia zetu lilikuwa limeyageuza rangi ya matofali mabichi. Tukasikia askofu anakuja Jumapili kuwapa vijana kipaimara. Nilijaribu kufua joho moja kwa maji ya bwawa, likatoka baya kuliko lilivyoingia. Wanakwaya walisema tuimbe hivyo hivyo, Mungu anatujua. Mimi nilisema ndiyo, anatujua, lakini askofu hatujui. Watu wakacheka. Sikuwa nikitania. Nilikuwa nimesikia kwamba kwaya ya usharika wa Matuu ilisifiwa na askofu mbele ya watu wote, na maneno yale yalinikaa kooni kama mfupa wa samaki.

Jumanne ya wiki hiyo Mama Mumbua alikuja mlangoni kwangu asubuhi, amevaa gauni lake la safari, kiondo begani. Akavua uzi wa katani shingoni. "Mwalimu, mimi naenda Matuu kuonwa macho, nitalala kwa dada yangu mpaka Ijumaa. Na huyu Mumbua ako kwa shangazi yake wanashona nguo. Wazee walisema hii ufunguo isitoke kwa shingo yangu, lakini mtoto akizaliwa hapa ama mtu augue, watafungua na nini? Chukua. Ni ya shida peke yake. Usiambie mtu iko na wewe, watakusumbua." Halafu, akiwa tayari ameshapiga hatua mbili, akageuka. "Na ule mfereji hudanganyanga. Ukidhani umefunga, ongeza."

Jumatano ilikuwa siku ya soko. Shule ilikuwa imefungwa, kijiji kimehamia sokoni, na mimi nilikuwa na ufunguo mfukoni na majoho ishirini na mawili kwenye gunia. Nilijiambia ni beseni mbili tu. Zilikuwa kumi na moja; nazikumbuka zote. Mfereji ulikuwa ndani ya shimo dogo lenye kifuniko cha chuma na kufuli, chini yake kokoto na bomba la kupeleka matone mteremkoni, nyuma ya ua, ili pasiwe na matope pale watu wanaposimama. Nilifua nikiimba sauti ya kwanza. Maji yalikuwa baridi na meupe, na nikiri kwamba nilifurahi, furaha ya kweli, kuona lile povu jekundu likiondoka na kitambaa kikirudi kuwa kitambaa. Nilipokuwa nasuuza la mwisho nikasikia sauti za watoto wanarudi kutoka sokoni. Nikauzungusha mfereji kwa mikono yenye sabuni, ukateleza, nikauzungusha tena, nikaona umeacha kutoa. Maneno ya Mama Mumbua yalinijia, ile "ongeza". Yalinijia waziwazi. Lakini sauti zilikuwa karibu na kona, nikaangusha kifuniko, nikabana kufuli, nikakimbia na gunia langu kama mwizi wa kuku. Majoho niliyaanika chumbani kwa kamba, mlango nimeufunga.

Ijumaa jioni Mama Mumbua akarudi na miwani mpya iliyomfanya aonekane mwalimu kuliko mimi. Nikampa ufunguo wake. Akayaona majoho yamekunjwa kitandani. "Ai! Zimekuwa nyeupe namna hii?" Nikasema nilimtumia dobi wa Matuu kwa mkono wa kondakta. "Si ungenipatia mimi nibebe," akasema, "nilikuwa naenda huko huko." Nikasema sikufikiria. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilianza pale, na ikaendelea karibu miaka thelathini.

Jumamosi watu walipanga mitungi tangu alfajiri. Wa kwanza alikuwa mama mwenye mtoto wa wiki mbili mgongoni. Mtungi wake wa kwanza ukajaa, wa pili ukajaa, wa jirani yake ukajaa, wa nne ukafika nusu, kisha mfereji ukatoa sauti kama mzee anayesafisha koo na ukanyamaza. Mama Mumbua akaugonga kwa ufunguo. Akapanda ngazi ya tanki, akachungulia ndani. Alikaa pale juu muda mrefu kuliko inavyohitajika kuona kwamba tanki ni tupu. Wiki iliyopita maji yalikuwa yamefika kiunoni mwa mtu. Aliposhuka hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo nililolichukia zaidi. Watu walichukua mitungi yao mmoja mmoja wakashika njia ya bwawa. Yule mama mwenye mtoto aligeuka akamwangalia, halafu akaangalia chini. Mimi nilikuwa nimesimama na daftari langu la ukarani, na miguu yangu ilikuwa inajua kila kitu.

Kesho yake tuliimba. Askofu alisema kwaya hii imevaa weupe wa moyo. Nilisimama mbele nikiwa nimewapa watu mgongo, nikipunga mikono, na nilishukuru Mungu kwamba kazi ya mwalimu wa kwaya ni kuwapa watu mgongo.

Jumatatu jioni, Mumbua akiwa bado kwa shangazi, tulikula wawili tu. Mama Mumbua aliweka kijiko chini. "Mwalimu, ulifungua tanki nikiwa Matuu?"

"Sikufungua, mwaitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi," akasema, na akaniongezea upawa wa pili. Niliula wote. Nimewahi kula vyakula vibaya maishani, lakini hakuna kilichonishinda kumeza kama ule muthokoi mtamu.

Baraza la wazee lilikutana Alhamisi mchana kwenye sakristia, chini ya uenyekiti wa Mwinjilisti Nzioka, maana mchungaji alitufikia mara moja tu kwa mwezi. Mimi ndiye niliyekuwa karani. Nilikaa pembeni ya meza nikiandika kila neno, na hati yangu, wale walioiona wanasema, ilikuwa nzuri siku hiyo. Mzee mmoja akasema Jumatano ng'ombe za Abdi, yule mfanyabiashara Msomali wa Matuu, zilipita karibu na kanisa, na maji hayana miguu ya kuondoka yenyewe. Abdi alikuwa amesikia hayo maneno sokoni, akaja bila kuitwa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Ng'ombe yangu ilikunywa kwa bwawa. Huyu mama sijanunua kwake hata kikombe. Mnajua mimi siku nyingi. Naapa." Wakamshukuru kwa kufika, akaondoka, na hakuna aliyelizungumzia neno lake tena. Nililiandika, lakini kwa mstari mmoja.

Kisha Mwinjilisti akamuuliza Mama Mumbua, kwa upole, maana alikuwa mtu mpole: "Ufunguo ilitoka kwa shingo yako wakati wowote?"

Kalamu yangu ikasimama. Alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwangu, lakini hakuniangalia. "Nyinyi mlipatia mimi," akasema. "Kama maji imepotea, imepotea kwa mkono yangu. Sikuuza. Lakini siwezi sema sijui, na ni mimi wakili."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakunitaja. Kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba alikuwa anakwepa lawama ya kuvunja amri ya wazee. Si kweli. Aliniuliza, nikamwambia sikufungua, naye aliniamini. Kunitaja kungekuwa kumtupia mtu asiye na hatia tuhuma zake. Ndivyo alivyokuwa. Mimi niliandika: "Amekiri uzembe." Yeye hakutumia neno hilo. Nililichagua mimi, kwa sababu lilikuwa na heshima zaidi kidogo kuliko "wizi", na nilijiona mwema kwa kulichagua. Akawekwa chini ya marudi miezi sita: asishike huduma yoyote, asikaribie Meza ya Bwana, na akae kwenye benchi la nyuma, lile la karibu na mlango. Akavua uzi wa katani mwenyewe, akauweka mezani, mbele ya daftari langu.

Baada ya wiki mbili majani yalichipua nyuma ya ua. Nchi nzima ilikuwa kavu kama ukoko, na pale mteremkoni, mdomoni mwa lile bomba, kukawa na kijani kibichi cha kupendeza, mbuzi wakapigania. Kila mtu aliona, na waliokuwa wakisema ameuza wakanyamaza. Lakini marudi hayakuondolewa, kwa sababu sasa ilikuwa wazi mfereji haukufungwa, na mwenye ufunguo alikuwa mmoja. Asubuhi moja, kabla ya chai, nikawasikia juu ya ukuta.

"Mumbua, ni mimi. Ni mimi nilisahau kukaza ile Jumamosi kabla niende Matuu."

"Mama, wewe husahaunga kitu."

"Sasa nasahau. Nimezeeka."

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Nilikuwa nimelala chali nikitazama bati, na ukuta uliokuwa kati yetu ulikuwa mfupi kuliko mimi. Ningesimama kitandani tu ningeuona uso wake. Sikusimama. Tangu siku hiyo akaanza tabia ambayo hakuwa nayo: akifunga kitu chochote, mtungi, mlango, taa ya mafuta, anakirudia. Akifunga mfereji wa pipa la nyumbani anaweka kiganja chini yake, anangoja, halafu anaweka tena.

Arusi ya Mumbua ilikuwa Jumamosi ya pili baada ya Pasaka. Shangazi ndiye aliyemshika mkono. Mama Mumbua alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, amevaa gauni la zambarau alilokuwa amelishona kwa ajili ya siku hiyo, na bibi arusi alipopita pale akasimama kidogo, akataka kugeuka, shangazi akamvuta taratibu. Sisi tuliimba, weupe pe. Nilikuwa nimewapa watu mgongo kama kawaida, lakini kioo cha kabati la sakristia kilikuwa mbele yangu, na ndani yake niliuona mlango, benchi, na zambarau.

Mwezi wa sita wa marudi ulipoisha, mchungaji akamrudisha kundini. Alipiga magoti, akaombewa, na desturi yetu ni kwamba baada ya hapo usharika mzima hupita kumshika mkono. Kwaya hupita mwisho, na mwalimu wa kwaya mwisho wa wote. Kiganja chake kilikuwa kigumu na cha joto. Akaniambia, "Ni muvea, Mwalimu. Asante kwa kuniimbia." Mwaka huo ulipokwisha niliomba uhamisho. Watu walisema nimepata cheo. Ukweli ni kwamba nilishindwa kuendelea kula chakula chake.

Miaka minane ilipita kabla sijarudi. Nilibeba sukari, majani ya chai, unga wa ngano na blanketi zito. Mtu mwenye hatia hununua vitu vingi. Alinikaribisha jikoni, akanipa chai, na kabla haijapoa nikamwambia yote: majoho, beseni kumi na moja, sabuni mikononi, ile "ongeza". Nilitarajia machozi. Kusema kweli nilitarajia msamaha, nilikuwa nimeshaupangia nafasi kwenye mkoba. Kisha akasema polepole, "Miaka nane. Miaka nane mimi najaribu mifereji." Akasimama, akachukua kikombe changu cha chai kikiwa nusu, akaenda mlangoni akakimwaga nje. Mwanamke yule, ambaye hakuwahi kumwaga hata maji ya kuoshea vyombo. Niliitazama ile chai ikinywewa na vumbi na nikaelewa kiasi cha hasira yake.

"Mwaitu, nisamehe."

"Nitakusamehe, hiyo si ngumu. Lakini umekosea mlango. Mimi sikuhukumiwa hapa jikoni. Nilihukumiwa kanisani. Enda useme huko."

Nikasema nitasema. Nikasema Jumapili ijayo, halafu nikakumbuka nina safari, nikasema Krismasi. Blanketi akanirudishia. Sukari akabaki nayo, akasema wajukuu hawana makosa. Wahenga walituambia maji yakimwagika hayazoleki. Hawakutuambia aliyeyamwaga afanye nini, lakini Mama Mumbua aliniambia, waziwazi, kwa maneno machache, na sikufanya. Kulikuwa na sababu kila mwaka. Nilipata kazi mpya, nilichaguliwa kwenye kamati, nikawa mwenyekiti. Mwenyekiti wa uwakili atasimamaje kusema hayo? Kila Desemba nilimtumia kitu kwa mtu anayekwenda huko, na kila mara aliyerudi aliniletea salamu zilezile: "Mwambie Mwalimu kanisa iko hapo."

Siri yangu hakumwambia mtu mwingine yeyote. Hilo nililigundua siku ya mazishi, Mumbua aliponipa karatasi tatu za daftari la shule na kusema, "Kuna mahali sijaelewa. Nilimuuliza, akasema utajua." Nikasoma nikiwa nimesimama pale mbele, sanduku likiwa karibu na goti langu. Nilisoma alikozaliwa, alikobatizwa, mwaka aliofiwa na mume. Nilisoma jinsi walivyojenga tanki. Kisha, kwa mwandiko wa Mumbua, mstari mmoja: "Mwaka ule wa maji, hapo Mwalimu Mwende atasema." Chini yake aliacha mistari mitano mitupu. Alikuwa amenipimia nafasi, mtungi mmoja kwa nyumba.

Ningeweza kuuruka. Lazima nikiri kwamba jicho langu lilishafika kwenye mstari uliofuata. Lakini niliona benchi la nyuma, lile lile, safari hii wamekaa vijana wawili wa kubeba jeneza, na mdomo ukafunguka. Nilisema nilifua majoho. Nilisema ufunguo ulikuwa kwangu, kwamba aliniuliza nikamdanganya, kwamba Abdi alisema kweli, kwamba neno "uzembe" nililiandika mimi. Sauti yangu, iliyozoea kufundisha, ilitoka kama ya mtoto aliyesimamishwa darasani. Mwinjilisti Nzioka, sasa mzee sana na masikio yamemtupa, alikuwa kwenye kiti cha mbele. "Ati nini?" akauliza kwa nguvu. "Amesema nini?" Ikabidi mjukuu wake amwinamie na kumrudishia yote sikioni, neno kwa neno, kanisa zima likisikia mara ya pili. Mzee akaanza kutikisa kichwa, na hakuacha. Hakuna aliyesema amina. Nilimtazama Mumbua. Alikuwa amekaza macho kwenye sanduku, na nilijua haoni sanduku, anaona mkono wa shangazi yake. Hatimaye akasema, bila kuinuka, "Maliza kusoma."

Nikamaliza. Tukamzika kando ya mpapai, ambao ni mzee sasa na hauzai tena. Mchungaji aliniambia tutazungumza, nikamwambia nipo, na barua ya kuacha kamati nilikuwa nimeshaiandika kichwani. Desturi yetu ni kwamba watu wakitoka kaburini wananawa mikono kwenye mfereji wa kanisa kabla ya kula. Mumbua ndiye wakili wa maji siku hizi, sikuwa najua. Alikuwa amepiga goti kando ya lile shimo, uzi wa katani shingoni, akiwafungulia watu maji kidogo kidogo. Watu waliokuwa mbele yangu walinawa wakaenda. Wengine walinipisha kwa upana kidogo kuliko kawaida. Nilipofika, nilitoa mikono, akanifungulia. Maji yalikuwa baridi kama yale ya siku ile. Nikamaliza, nikasubiri afunge. Hakufunga. Alitoa mkono wake kwenye mfereji, akasogea nyuma, maji yakaendelea kukimbia juu ya kokoto.

"Funga wewe," akasema.

Nikapiga magoti. Niliuzungusha mpaka ukaacha kutoa. Nikaongeza.

Mumbua akainama, akaweka kiganja chini ya mfereji, akangoja. Kisha akaweka tena.